KISIMA KILICHOFUTWA RAMANINI

Sehemu ya Kumi na Moja

Gari halikuwepo.

Palipokuwa na pikapu palibaki doa la oili na alama za matairi zilizokata mchanga mwekundu na kupotelea vichakani. Vumbi lilikuwa bado linaelea hewani.

"Baba Swaumu!" Tunu aliita. "Majidi!"

Sauti ilikwenda ikagonga kuta za magofu, ikarudi peke yake.

Nyuma yake kokoto zikasagika. Aligeuka. Nurdini, kaka wa mumewe, alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, sururu begani, macho mekundu kama ya mtu aliyelala na moshi.

Hapo ndipo mhariri aliponinyang'anya kalamu wiki iliyopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. "Mwambie Tunu asimpe Nurdini mgongo!" mnaniandikia. Wengine mmeshamhukumu kunyongwa. Subirini kidogo.

Na wewe uliyelinunua gazeti leo tu, nishike mkono tukimbie. Tunu binti Saidi ni mchora ramani wa Tabora mjini, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo. Yeye ndiye aliyezipandanisha ramani tatu kuukuu mpaka mji uliosahaulika ukaibuka kati ya mistari: Igunguli, mji wa wachimba dhahabu uliokufa ndani ya Mgunda Mkali, nyika ile kame mashariki ya Tura ambako misafara ya zamani iliacha mizigo na wapagazi kwa kiu. Yeye ndiye aliyewaleta mumewe Majidi, baba wa binti yao Swaumu, na shemeji yake Nurdini mpaka hapa. Na jana ni yeye aliyenyoosha kidole akasema, chimbeni hapa.

Wakachimba. Chini ya sakafu ya stoo ya kampuni wakatoa kasha la vipande vya dhahabu, alivyovificha msimamizi wa Kizungu akafa kabla hajavirudia.

Leo asubuhi Majidi akasema anasogeza gari kivulini, kasha likiwa ndani yake.

"Weka hilo sururu chini," Tunu alisema.

Nurdini hakuliweka. "Unamwita nani?"

"Mume wangu."

"Mumeo amekwenda, shemeji."

"Amesogeza gari kivulini."

"Kivuli cha wapi? Cha Ng'ambo?"

Tunu alikimbia mpaka kwenye ukuta waliolala chini yake. Moyo ukatulia kidogo: dumu la maji lilikuwa pale pale, la njano, limefunikwa kwa gunia kama walivyoliacha. Mtu anayekimbia haachi maji. Alilishika mpini akalinyanyua.

Lilipanda juu kama unyoya.

Alilipindua. Chini, pembeni, palikuwa na tundu dogo la mviringo. Udongo chini yake ulikuwa bado na unyevu.

Nurdini alitupa sururu, akapiga magoti, akachota ule udongo kwa viganja viwili na kuunyonya. Akatema. Akachota tena.

Tunu alikuwa amesimama na dumu tupu mkononi. Tangu walipotoka Tura, Majidi ndiye aliyekuwa mgawaji wa maji. Aliwapimia kwa kifuniko cha chupa, akitabasamu. "Tubane, wapenzi wangu. Huku maji ndiyo dhahabu." Na Tunu akamsifu moyoni kwamba amepata mume mwenye akili.

"Panya," alisema. "Panya ametoboa."

Nurdini alifuta matope mdomoni. "Panya wa huku wanatumia bisibisi?"

"Basi ni wewe! Wewe umelitoboa, yeye amekwenda kutafuta msaada!"

"Nusu umepatia."

"Nusu gani?"

Nurdini alikaa chini, mgongo ukutani. Alizungumza kama mtu anayeelezea jinsi ya kuchinja kuku.

"Tulipanga wawili. Wewe ubaki, sisi tuondoke. Mashimo huku hayana idadi, tungesema umeteleza. Mimi ndiye ningempa baba yako habari, kwa sababu Majidi hawezi kulia, mimi naweza. Dumu tulitoboe kwa ajili yako." Akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mwenzangu alikuwa na mpango ndani ya mpango. Kaniambia, kaka, nenda kamshughulishe kule kwenye stoo. Nikaja kukushughulisha."



"Dhahabu tungegawana," Tunu alisema kwa sauti ndogo. "Nilishasema tugawane. Ramani ni zangu, lakini nilisema tugawane."

"Si dhahabu tu."

"Nini kingine?"

"Umwache mtu afe bila kumwambia? Ngoja nikwambie." Nurdini alimtazama usoni, na kuna kitu alichokuwa akikifurahia. "Julieth. Yuko Igalula, karibu na stesheni. Nyumba ameshapangishiwa, tumbo limeshatokeza."

"Mwongo."

"Mwanao Swaumu anamjua. Muulize... Ah, hutamuuliza tena. Yule mwanasesere mwenye nywele za njano, alipewa na nani?"

Tunu alimkumbuka yule mwanasesere. Swaumu alirudi naye nyumbani siku ya sikukuu, akasema kapewa na mama mdogo wa Igalula. Tunu alimwambia mtoto aseme asante. Hata alimshonea mwanasesere gauni, kwa kitambaa cha gauni lake mwenyewe.

Alikwenda kwenye mkoba wake, akaufungua. Simu haikuwamo, Majidi alikuwa ameichukua jana kuichaji kwenye gari. Ramani zote tatu zilikuwamo. Za nini kwake? Njia ya kurudi alikuwa ameshaijua.

"Inuka," alimwambia Nurdini.

"Twende wapi? Kutoka hapa mpaka Tura kwa miguu, na jua hili, bila tone? Hata ndege hupumzika njiani."

"Mji haukai pasipo maji. Watu walikuwa wakiishi hapa, wanapika, wanafua, wanazaa. Walikuwa wanakunywa nini?"

Nurdini aliinua kichwa.

Tunu alizitandaza ramani juu ya mchanga na kuziwekea mawe pembeni. Ya kwanza ya Wajerumani, yenye njia ya misafara kama uzi mwekundu. Kisima kilikuwa upande wa kaskazini, nyuma ya jabali. Ya pili ya kampuni ya Waingereza waliokuja baadaye, safi, ya rangi. Kisima kilikuwa kusini, karibu na kinu cha kusagia mawe. Kule kaskazini hapakuwa na alama yoyote.

Ya tatu ilikuwa imechorwa kwa mkono, kwa wino uliogeuka kahawia. Alipewa na Bi Dolatbai, ajuza wa duka la vitambaa pale Tabora mjini, ambaye marehemu baba yake alikuwa na duka Igunguli enzi za dhahabu. Katika ramani hiyo kisima cha kaskazini kilikuwepo, kisha mtu akakikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba.

Tunu aliwahi kumuuliza yule bibi kwa nini. Bi Dolatbai aliweka kiganja juu ya mkwaruzo ule kama anayefunika jeraha.

"Hapo usiniulize, mwanangu. Kaka zangu wawili walibaki hapo."

Tunu alidhani walitumbukia. Watoto hutumbukia visimani. Hakuuliza zaidi.

"Tunaanza na cha kusini," aliamua. "Ndicho kilicho karibu."

Walikifika jua likiwa limeshaanza kuuma. Kilipendeza kwa macho: mzingo wa mawe yaliyochongwa, nguzo mbili za chuma, na gurudumu la kupitishia kamba lililoshikwa na kutu. Nurdini alikimbia mita za mwisho, akajitupa kifua juu ya mzingo akachungulia.

Tunu naye akachungulia.

Chini palikuwa na mwamba. Mwamba mzima, haujaguswa, kina chake hakimfiki mtu kiunoni. Hakikukauka kisima kile. Hakijawahi kuchimbwa.

"Ni nini hiki?" Nurdini alinong'ona.

Tunu alielewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kofi. Ramani ile ya rangi haikuchorwa kwa ajili ya watu wa Igunguli. Ilichorwa ikaonyeshwe Ulaya, kwa wenye fedha. Mji usio na maji hakuna anayeununua. Basi wakachora maji.

Nurdini alimrukia, akainyakua ramani, akaikunja kama kitambaa cha kufutia miguu.

"Na kile kingine? Nacho ni picha?"

"Kile ni cha misafara. Wapagazi hawakunywa picha."

"Shemeji, sikiliza." Alimshika mkono, akafungua kamba aliyojizungushia kiunoni, na kabla Tunu hajavuta mkono alikuwa ameshamfunga kifundo, fundo la mchimbaji lisilofunguka kwa kuvutwa. "Ukinipeleka kwenye maji, nakufungua. Ukinipeleka kwenye mwamba mwingine, hili sururu halitakuwa na kazi nyingine leo."

"Nifungue. Nitakimbilia wapi?"

"Mwanamke aliyesalitiwa simwamini. Nimewaona wengi."

Wakaondoka hivyo. Na njia ya kwenda kaskazini ilikuwa ni ile ile njia ya misafara, imezibwa na miiba lakini bado inaonekana, bonde jembamba lililochimbwa na nyayo za watu kwa vizazi. Hapo walipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe mabegani. Hapo pia walipitishwa watu wamefungwa shingo kwa shingo. Tunu alipita akiwa amefungwa mkono, na kila alipojikwaa kamba ilimkata ngozi.

Miyombo ilikuwa imepukutisha majani yote. Kivuli hakuna. Ulimi wake ulikuwa umevimba, ukawa kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa mdomoni.

Katikati ya njia Nurdini alianza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Namcheka ndugu yangu. Anadhani atafika Tura."

"Kwa nini asifike?"

"Ule mpira wa rejeta, wa chini. Nimeukata kidogo jana, kwa kisu, wakati anahesabu dhahabu. Si sana. Kiasi cha kuvuja polepole." Alifuta povu kavu kwenye pembe za midomo. "Nilisema, akinigeuka, tugeukane wote. Gari litachemka kabla hajaiona hata reli. Atamwaga maji yake yote ndani ya rejeta, na rejeta haitosheki."

"Kwa hiyo uliharibu gari ambalo wewe mwenyewe ungerudi nalo?"

"Ningekuwamo ningejua pa kufunga. Nilikuwa na kipande cha mpira mfukoni." Alikitoa, akamwonyesha, akakitupa vichakani.

Tunu aliwaza: hawa walinyonya titi moja. Mimi nimezaa na mmoja wao.

Jabali likatokea, jeusi, limekaa peke yake kama ng'ombe aliyelala. Wakalizunguka. Nyuma yake, mahali hasa palipokuwa na mkwaruzo wa wembe, palikuwa na bamba la zege, pana kama mkeka wa kulalia, limezibwa kingo zote.

Nurdini aligonga kwa mpini. Chini kukajibu mlio wa utupu.

"Kiko," alisema, na sauti yake ikapasuka kama ya mtoto. "Wallahi, kiko!"

Aliinua sururu. Akapiga. Mlio ulikwenda ukagonga jabali ukaruka nyika nzima, kom, kom, kom. Zege lilikuwa gumu lakini limechoka. Kipande cha kona kilivunjika, kikatumbukia, na kutoka chini ikaja sauti ambayo hakuna wimbo ulioifikia kwa utamu.

Chubwi!

Alimfungua Tunu kwa sababu alihitaji kamba. Alifunga kopo tupu la maziwa, akalishusha.

Tunu alilala kifudifudi kando ya bamba. Kutoka kwenye ufa mmoja chini ya jabali maji yalikuwa yakipenya, yamefanya kidimbwi kidogo, kama bakuli. Alisogeza uso aonje.

Akasita.

Ndani ya kidimbwi walilala nyuki. Wamekufa, wengi, wamekauka kingoni na kulowa katikati. Pembeni palikuwa na mifupa myembamba ya ndege. Na mchanga ulikuwa msafi. Hapakuwa na kwato ya swala, wala mguu wa ngiri, wala wa fisi. Nyika yote inalia kiu, na hakuna mnyama aliyekuja kunywa hapa.

Kwa nini kampuni izibe kwa zege kisima pekee chenye maji? Kwa nini ikifute, ichore kingine cha uongo kusini? Waliosha mawe ya dhahabu kwa sumu, sumu ikashuka ardhini, ikafika hapa. Kaka zake Bi Dolatbai hawakutumbukia.

Walikunywa.

Aligeuka. Nurdini alikuwa ameshalipandisha kopo. Maji yalikuwa meupe, safi, yanameta. Alilishika kwa mikono miwili kama anayeomba dua.

"Nurdini."

"Subiri zamu yako."

Msomaji, hapo palikuwa na nafasi ya neno moja. Usinywe. Mtoto mdogo anaweza kulisema. Tunu alifungua mdomo, na badala ya neno hilo zikamjia sauti nyingine: tungesema umeteleza. Majidi hawezi kulia, mimi naweza.

Akafunga mdomo.

Nurdini alikunywa. Koo lilipanda likashuka. Alikunywa kopo zima, akashusha jingine, akanywa nusu na kujimwagia nusu kichwani, akaanguka chali akicheka, ndevu zinachuruzika.

"Matamu! Shemeji, matamu kama ya mbinguni!"

Na hakuna kilichotokea.

Tunu alimkodolea macho. Hakuna povu, hakuna mtetemo. Mtu alikuwa amelala anahema, rangi inamrudia usoni. Pengine sumu imeshakwisha nguvu, miaka yote hii. Pengine nyuki wamekufa kwa jua. Kiu ikamvuta nywele.

Nurdini aliketi. Na kitu cha ajabu kilikuwa kimempata: macho yake yalikuwa ya binadamu. Alishusha kopo taratibu, akalijaza, akalileta kwa Tunu kwa mikono miwili.

"Kunywa, dada yangu."

Tangu aolewe katika ukoo ule, hajawahi kumwita dada.

"Weka hapo," Tunu alisema. "Nikinywa haraka nitatapika."

"Nimekukata." Alikuwa anautazama mkono wake uliochubuka. Alichana pindo la shati lake, akalilowesha, akataka kumfunga. Tunu akavuta mkono. "Una haki. Sikiliza. Tukifika Tabora nitakwenda kwa Mzee Saidi kwa miguu yangu, nitasema yote mbele yake. Wanifunge. Mtu akiwa na kiu anakuwa mnyama, lakini sisi tulikuwa wanyama kabla ya kiu. Swaumu anakuhitaji. Tutafika. Mimi nitabeba maji."

Tunu alikuwa akilitazama kopo. Alitamani angemtukana. Alitamani ampige teke. Angekuwa yule wa asubuhi, ingekuwa rahisi.

Kivuli cha jabali kikasogea kikawafunika miguu.

"Mbona hunywi?" Nurdini aliuliza.

Papo hapo akakunja uso na kushika tumbo. Akasema si kitu, ni kunywa kwa pupa. Akainuka, akaenda nyuma ya mwamba, akatapika. Akarudi. Akatapika tena, njiani, amesimama. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka mwili mzima. Alitazama kopo lililojaa mbele ya Tunu. Akatazama midomo ya Tunu, iliyopasuka, mikavu.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua ulipokuwa umeshalinyanyua."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema. Tulipokuwa Ng'ambo, kabla sijapanda gari, wakati nakupakulia wali. Ungesema."

Nurdini alitaka kujibu, maumivu yakamkunja kama kisu cha kukunja. Alipepesuka mpaka nyuma ya mwamba, akaanguka. Alikwaruza mchanga kwa kucha. Alimwita mama yake, kisha akamwita Tunu, kisha akaita majina ya watu ambao Tunu hakuwajua. Mwisho alinyamaza, jicho moja limefunguka.

Tunu alivua mtandio akamfunika uso. Alitaka kulia. Macho yalimchoma tu; mwili haukuwa na tone la kutoa. Alikuwa amemwua mtu kwa kunyamaza, na mtu huyo alikuwa ametaka kumfunga kidonda.

Ndipo akasikia miguu.

Haikuwa ya mnyama. Ilikuwa ikiburuta, inasimama, inaburuta tena. Tunu alijibanza. Kutoka kwenye njia ya misafara akatokea mtu aliyejaa vumbi kuanzia unyusi mpaka kidole, midomo myeusi, mgongo umepinda kwa mzigo. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa kanga. Tunu aliijua ile kanga. Ndiyo aliyotolewa nayo ndani siku ya harusi yake.

Majidi. Ameacha gari, ameacha njia, ameacha kila kitu. Dhahabu hakuiacha.

"Mama Swaumu!" Sauti ilitoka kama mlango mbovu. "Alhamdulillahi! Nimesikia sururu. Nikasema, hao ni watu wangu. Gari limeniharibikia, nilikuwa nazunguka nitafute njia nyepesi nije niwachukue."

"Bila kutuaga?"

"Nilitaka niwashtukize." Macho yake hayakuwa kwa Tunu. Yalikuwa kwenye kopo. "Yapo maji?"

"Yapo."

"Ya kisima?"

"Ya kisima."

"Nurdini yuko wapi?"

"Amelala nyuma ya mwamba. Ameshiba."

Majidi alimeza mate ambayo hayakuwepo. Tunu alimtazama mtu huyu aliyemzalia mtoto, akajikuta anataka kumpa nafasi, moja tu, kwa ajili ya Swaumu.

"Dumu letu lilitoboka," alisema. "Ulijua?"

"Dumu?" Majidi hakuchelewa hata kidogo. "Ni huyo huyo Nurdini! Sikukwambia kwamba ndugu yangu si mtu? Alitaka ufe, mke wangu. Mimi nimerudi kwa ajili yako."

Tunu aliinama. Alilishika kopo kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka chini ya kiwiko, kama mke anayemkaribisha mumewe kutoka safari.

"Pole na njia, Baba Swaumu. Kunywa."

Majidi alilipokea. Maji yalimwagika kidogo kwenye vidole, akavilamba kwanza, kisha akaliinua. Kopo likagusa mdomo.

"Maji...di..."

Sauti ilitoka nyuma ya mwamba, chini, kama inatoka ardhini. Tunu alihisi nywele zinamsimama.

"Majidi... usi..."

Kopo lilisimama mdomoni. Majidi hakumeza. Alilishusha polepole bila kumwaga, akatembea mpaka kwenye mwamba, akauvuta ule mtandio kwa ncha ya kiatu. Alimtazama kaka yake kwa muda. Aliyatazama matapishi. Alichungulia kidimbwi cha nyuki.

Halafu alitua mzigo wake chini, kwa mara ya kwanza, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Akatoa bisibisi mfukoni.

Tunu aligeuka akimbie. Mguu ulinasa kwenye kamba. Alipoanguka na kugeuka chali, goti lilikuwa limeshambana kifuani, na ncha ya chuma ilikuwa imekaa chini ya sikio lake. Juu ya uso wake aliona lile tabasamu la mgawaji wa maji.

"Mpishi huonja kwanza, Mama Swaumu," Majidi alisema, na kopo lililokuwa mkononi mwake mwingine likagonga meno ya Tunu.